Jiko jipya, moshi ule ule



Juzi tulikwenda kumtazama bi harusi mmoja aliyehamia kwake hivi karibuni. Tukatembezwa nyumba nzima. Sebule ina jipsam ya ngazi tatu na taa za rangi. Jiko nalo lilikuwa la kuangaliwa: makabati meupe yanayong'aa, marumaru hadi juu, na jiko la gesi la plet nne lenye oveni, plastiki yake ya dukani bado haijavuliwa. Tukasema mashaAllah. Tukakaa. Mwenyeji akatwambia, "Subirini niwapikie chai." Akafungua mlango wa nyuma, akatoka kwenye kijia kilicho baina ya nyumba na ukuta wa jirani, akachutama mbele ya seredani na kupepea mkaa. Moshi ukarudi ndani, ukampata yeye wa mwanzo, kisha sisi.

Tulipomuuliza kwa nini hapiki ndani, alijibu bila ya kufikiri: "Litachafuka."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Visiwani petu siku hizi kila anayejenga, na kila anayetaka kubomoa jiko la zamani, hutaka "jiko la kisasa". Hatuna ugomvi na usasa. Ugomvi wetu ni na jiko linalojengwa kwa ajili ya macho ya wageni, na mpishi akaachwa pale pale alipokuwa bibi yake, tena pabaya zaidi. Jiko ambalo mwenye nyumba analiogopa kulipikia si jiko. Ni sebule ya pili.

Bibi zetu walijua moshi unakwenda wapi

Tunawadharau wazee wetu kwa majiko yao ya mafiga. Lakini tutazame walikoyaweka. Kwenye nyumba zetu za kawaida jiko lilikuwa uani, penye hewa na mbingu wazi, au chini ya kibanda cha makuti ambacho moshi hupenya juu na kwenda zake. Kwenye nyumba za mawe za Lamu jiko lilipandishwa juu kabisa, karibu na dari, ili moshi na joto visiingie vyumbani na wanawake wapate nafasi yao bila ya kuonekana. Hawakuwa na shahada za usanifu, ila walijua upepo na walijua sitara.

Sisi tumefanya nini? Tumeuziba uwa kwa ukuta mrefu, tumejenga vyumba hadi kwenye mpaka, kisha jiko tukalitia katikati ya nyumba na kidirisha kimoja cha vioo. Ikija masika, seredani inaingizwa humo humo na mlango unafungwa kwa sababu ya mvua. Jamani, hapa hatuzungumzii macho kuwasha tu. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huhisi kichwa kizito, akadhani ni uchovu, akajilaza, na asiamke. Na huo moshi wa kila siku usioua kwa mara moja unaua polepole. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020, na linasema wazi kuwa wanaobeba mzigo mkubwa ni wanawake na watoto. Ni mama aliye mbele ya jiko, na mtoto aliye mgongoni kwake.

"Mama zetu walipika kwa kuni na wakazeeka." Tunalisikia kila siku, na mara nyingi kutoka kwa mtu asiyepika. Wako waliozeeka, kweli. Wako pia waliozeeka na kikohozi kisichokwisha, tukasema ni baridi. Na waliokufa mapema hawapo kutujibu.

Subira isifanywe kisingizio

Mwanamke akilalamika juu ya jiko, haraka husomewa kisa cha Bibi Fatma (r.a.): mikono yake iliota malengelenge kwa kusaga, akaenda kwa baba yake Mtume (s.a.w.) kuomba mtumishi, akafundishwa tasbihi ya kusema kabla ya kulala. Kisha tunaambiwa: basi nawe subiri, vuta uradi.

Uradi tunauvuta, alhamdulillah. Lakini kisa kisomwe chote. Katika mapokezi yake Sayyidna Ali (r.a.) naye analalamika kifua kinamuuma kwa kuteka maji. Maana yake mume alikuwa kazini humo humo nyumbani, hakuwa barazani akisubiri sahani. Na Mtume (s.a.w.) alieleza sababu ya kutompa: kulikuwa na mafakiri wa msikitini, Ahlu-Suffa, waliokuwa na njaa. Mtumishi alikosekana kwa sababu ya tumbo la maskini. Wewe ndugu yetu unayetusomea kisa hiki, dirisha la jiko la mkeo lilikosekana kwa sababu gani? Kwa sababu ya jipsam.

Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Basi anayetaka Sunna aanzie hapo.

Twende mbele zaidi. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha vizazi na vizazi, anavihesabu vyombo vya kupikia, vya kulia na vya kunywea miongoni mwa haki za mke juu ya mumewe, pamoja na gharama ya kusaga na kuoka. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kazi za nyumbani, lakini lililo mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba kupika hakumo kwenye mkataba wa ndoa. Mke akipika ni ihsani yake. Hatusemi haya ili mtu aache sufuria motoni. Tunapika kwa mapenzi, na tutaendelea kupika. Tunasema haya ili ijulikane kuwa jiko zuri si zawadi anayoombewa mke kwa kubembeleza. Anayefanyiwa ihsani asimlipe mwenzake moshi.

Na sisi wenyewe tumo

Tusiwatupie wanaume lawama yote. Nani anayenunua seti za vioo za watu kumi na mbili ambazo hazitoki kabatini mpaka zinarithiwa? Ni sisi mama wa mabiharusi. Nani anayetangulia kuuliza, "Makabati ya rangi gani?" kabla ya kuuliza maji yanafika? Ni sisi mashoga na mawifi. Mahari ya mtoto yanamalizikia kwenye vyombo vya kuonyesha watu siku ya kutandika nyumba, na wiki ya pili bi harusi anaazima upawa kwa jirani. Huu ni israfu, na israfu imekatazwa hata kwenye chakula chenyewe, seuze kwenye kabati lake.

Tumeletewa na jengine kutoka kwenye picha za simu: jiko la wazi, lisilo na ukuta baina yake na sebule. Wanasema ndio maisha ya familia ya kisasa, mama anapika huku anazungumza na watoto. Linapendeza kwenye picha. Lakini nyumba zetu hazina siku bila ya mgeni. Anaingia shemeji, anaingia rafiki wa mume, anaingia fundi wa umeme. Mwenye jiko la wazi ana njia mbili: apike na baibui kwenye joto la kaskazi, karibu na moto, au ajifungie chumbani mchuzi ukiungua. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia ya Kiislamu imtazame na mwanamke wa Kiislamu. Nusu ukuta wenye kidirisha cha kupitishia sahani, pazia zito, na mlango wa pili unaotokea uani vinatosha. Mama ataongea na watoto wake, na sitara yake itabaki.

Basi tuanze wapi?

Tunajua si kila mmoja ana uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Ndiyo maana tunasisitiza mpangilio. Fedha ikiwa ndogo, iende kwanza pale inapouokoa mwili.

Hewa itangulie. Pepo zetu mbili kubwa, kaskazi na kusi, hutoka pande zinazokabiliana, kwa hivyo dirisha moja halitoshi mwaka mzima. Fungueni matundu kwenye kuta mbili zinazoelekeana, hata kama ni safu ya matofali yenye matundu na wavu wa mbu. Juu ya moto wekeni dohani au feni ya kutoa moshi. Hilo ni bei ndogo kuliko kabati moja la juu.

Kisha moto. Anayeweza kuhamia gesi ahamie, lakini kwa akili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, basi liwepo tundu la hewa chini karibu na sakafu. Mtungi ukae nje ya jiko ikiwezekana, umesimama wima, na mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni: likitoa mapovu, panavuja. Maharage na nyama ngumu vipikwe kwa sufuria la presha, la umeme au la gesi. Lakini msitegemee umeme peke yake. Waliokuwa Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka kukaa gizani miezi mizima baada ya umeme unaotoka bara kukatika. Seredani ibaki, ila ibaki nje penye upepo, kwa siku ya dharura na kwa mkate wa kumimina unaotaka moto juu na chini.

Na wale wanaosema pilau ya gesi haina ladha, tunawaomba waje wapike wao ya mkaa, Ijumaa moja tu, kisha tuzungumze ladha.

Kisha maji. Sinki liwe la kina, sufuria la shughuli liingie, na bomba liwe juu ya kutosha. Kuosha vyombo kwa kuinama kwenye mabeseni mawili ni kazi ya mgongo kila siku, mara tatu, na zaidi mwezi wa Ramadhani.

Kisha urefu. Fundi huijenga kaunta kwa kipimo alichokizoea, bila ya kumuuliza mtu. Mwiteni mpishi asimame, akunje kiwiko, na kaunta iwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15. Sinki, moto na friji viwe hatua chache baina yao, pasiwe na mlango wa kupita watu katikati, maana sufuria la mafuta na mtoto anayekimbia havipishani kwa heri.

Makabati yawe ya mwisho. Na yakifika zamu yake, kumbukeni tunaishi kisiwani. Mbao za maranda yaliyogandishwa hunywa unyevu wa bahari, zikavimba na kubanduka. Rafu za zege zilizowekwa marumaru hazina fahari kwenye picha, lakini mjukuu atazikuta.

Kwa bi harusi

Mwanangu, siku wazee wanapokwenda kuiangalia nyumba utakayopelekwa, mwambie walii wako au shangazi yako asiishie sebuleni. Aingie jikoni, afungue dirisha, afungue bomba, aulize moto utawekwa wapi. Si ujeuri. Makazi ni haki yako kabla hujaingia, na lililosemwa kwa adabu kabla ya nikah huepusha maneno mengi baada yake.

Na wewe ulie ndani ya ndoa miaka ishirini, na jiko lako bado lina masizi ya enzi ya mkweo, usione haya kulisema. Fikiria mwezi wa Ramadhani. Tangu alasiri uko kwenye moshi, umefunga, unakaanga, unasonga, unakuna nazi. Adhana ya magharibi inakukuta na macho mekundu, na isha inapoadhiniwa huna nguvu ya tarawehe. Siku thelathini. Dirisha moja, bomba moja na kaunta ya kimo chako vinaweza kukurudishia saa nzima ya kila siku, na saa hiyo ni ya Mola wako, ya watoto wako na ya mwili wako.

Yule bi harusi wetu tulimsaidia kuivua ile plastiki ya oveni kabla hatujaaga. Chai ya pili tuliipika ndani, dirisha wazi. Marumaru yalichafuka kidogo. Tukayapangusa.

Allah azijaalie nyumba zetu utulivu na riziki ya halali, na awape afya wanaotupikia. Amin.