Vikabichi vya Brussels na Mchicha wa Uwani

Tumeulizwa zaidi ya mara moja katika mabaraza ya matawi yetu, hapa Mjini na huko mashamba, juu ya ile mboga ya Kizungu iitwayo kabichi ya Brussels, yaani vile vikabichi vidogo kama ndimu vinavyojipanga juu ya shina moja tangu chini hata juu. Kijana mmoja wa Ng'ambo ameambiwa kuwa mahoteli ya pwani huinunua kwa bei nzuri, naye keshatumia fedha za upatu wa mama yake kwa mbegu na samadi. Fedha za upatu wa mama si za kuchezea, na kwa hivyo hatuwezi kunyamaza.

Twajibu waziwazi: mboga hiyo haitamzalia uwani kwake. Sisi wenyewe tulijaribu. Jamaa mmoja aishiye Uingereza alituletea pakiti ya mbegu, tukazitia katika makopo nyuma ya ofisi ya tawi, na masika yalipokwisha tukahamisha miche 12 ardhini. Miche ilipanda vizuri sana, tukajisifu, hata tukawaita wazee waje watazame. Mwezi wa nne shina lilikuwa refu na majani mapana, lakini pale jani linapoungana na shina, palipotakiwa pawe na kikabichi kigumu, palikuwa na vijani vilivyofumuka ovyo. Mzee mmoja akatuuliza kama tumeamua kufuga mbuzi.

Mmea huu ni mtoto wa baridi. Kwao Ulaya hupandwa kiangazi ukavunwa wakati wa baridi kali, na wenyewe husema ukipigwa na jalidi ndipo unapozidi utamu. Kikabichi hujifunga barabara pale hewa inapokuwa baridi kwa miezi kadhaa. Hapa kwetu hata katika kipupwe, tunapojifunika kanga na kulalamika, joto la mchana hupita nyuzi 25. Anayeutaka mmea huu Afrika Mashariki na aende milimani, kama Lushoto katika Usambara, ambako kabichi kubwa nayo hustawi. Majani yake yanalika, hilo kweli, kwani ni ukoo mmoja na sukuma wiki. Lakini nani atangoja miezi minne kwa ajili ya majani?

Wako watakaosema kuwa tunakataza maendeleo, au kwamba tunachukia kila kitu cha kigeni. Sivyo hata kidogo. Muhogo ulitoka Amerika, na karafuu ililetwa Unguja katika karne ya 19, na asili yake ni visiwa vya mbali vya Mashariki. Vyote hivyo vilikubaliwa na jua letu na mvua yetu. Tunachouliza ni kama mmea unakubaliana na ardhi. Pasipoti yake hatuiulizi.

Linalotuudhi ni jambo jengine. Huyo kijana anao uwa mzuri wenye kivuli cha mwembe upande mmoja na jua upande wa pili, na maji ya kuoshea mchele yanamwagwa mferejini kila siku. Mama yake hununua mchicha Darajani. Alipoulizwa kwa nini hapandi mchicha, alicheka akasema ati ni mboga ya maskini. Tumeisikia kauli hii hata kwa waalimu wenzetu, tuliofundishwa skuli kulima bustani, na twaona aibu kuisikia. Mchicha huo wa maskini huvunwa kabla mwezi haujatimia, kisha ukatwe uchipue tena. Bahari inapochafuka na majahazi yakachelewa kutoka Bara, bei ya tungule na vitunguu hupanda siku ile ile, na maskini huyo huyo ndiye anayekosa kitoweo.

Kwa hivyo twashauri hivi. Mwenye uwa apande mchicha, bamia na bilingani, na matembele pembeni yatambae. Mwenye kuishi katika magorofa ya Michenzani atie debe kibarazani, alitoboe chini, achanganye udongo na samadi iliyooza. Ndugu zetu wa Makunduchi na Jambiani, wanaolima vishimo baina ya mawe, hawahitaji somo letu, wao wangetufundisha. Wa upande wa Dole na Kizimbani wana udongo wa kina na hawana udhuru. Lakini hapo pana jambo zito kuliko mboga: baada ya Mapinduzi ya 1964 wakulima waligaiwa eka tatu tatu, na leo nyingi katika eka zile zilizo karibu na mji zimeota nyumba badala ya migomba. Hilo tutaliandikia safari nyengine, kwani wapo wakubwa na wadogo wanaohusika.

Kijana wetu tumemwambia arudishe pakiti ambazo hajazifungua, na samadi aliyokwisha nunua aitie katika matuta ya bilingani na bamia, ambazo mahoteli nayo huzila. Amekubali, ingawa kwa shingo upande. Mbegu za mchicha zipo katika ofisi ya tawi kila Jumapili asubuhi. Anayezitaka na aje na kopo lake.