Kukodi Miguu na Kukodi Akili

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani petu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia na Malaba waliwachukua abiria kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda, na jina la kazi yao latokana na neno la Kiingereza la mpaka, likitamkwa mara mbili. Abiria wa siku hizo alikodi miguu ya mwenye baiskeli; hakukodi akili ya kujua aendako. Njia aliijua mwenyewe, na akipotezwa alishuka. Tofauti hiyo wafanyabiashara wengi wa leo wameisahau.

Imekuwa desturi sasa kwa kampuni kutotunza kompyuta zake zenyewe. Mitambo, programu, hesabu, barua na orodha za wateja hukabidhiwa watu wa nje kwa malipo ya kila mwezi. Wanaoisifu desturi hii hunena kwamba mwoka mikate na aoke mikate, na mwenye malori aendeshe malori; kompyuta awaachie wanaozijua. Hoja hiyo ina nguvu, nami siikani yote. Mtambo wa kuhifadhi habari ni ghali, wataka umeme usiokatika na fundi wa usiku na mchana, na wakala mwenye chumba kimoja karibu na forodha hawezi kuyapata hayo. Kukodi si aibu. Aibu ni kukodi na kufumba macho.

Namjua wakala mmoja wa forodha, mtu mwema, ambaye alimwondoa kijana aliyekuwa akimtunzia mitambo, akampa kandarasi mtu wa mbali, akafurahi kuona gharama zimepungua. Miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukazuka ugomvi wa malipo, na asubuhi moja akakuta hesabu zake zimefungwa, hazifunguki. Lori la samaki limesimama, barafu inayeyuka, na karatasi za shehena zimo ndani ya mtambo asioujua ulipo: Nairobi, au Cape Town, au Ireland? Nakala hakuwa nayo. Hata neno la siri hakulijua, kwa kuwa alilitoa pamoja na vingine. Mkataba aliutia sahihi bila kuusoma, nao haukusema habari zile zitakuwa mali ya nani siku watakapoachana. Samaki walioza, na mteja akaenda kwa wakala mwingine.

Atasema mtu kwamba huo ni ujinga wa wadogo. La, hata wakubwa hujuta. Mwaka 2002 benki ya JPMorgan Chase ya Marekani iliikabidhi IBM sehemu kubwa ya kazi zake za kompyuta kwa miaka 7, kwa dola bilioni 5. Mwaka 2004, baada ya kuungana na Bank One, iliuvunja mkataba ule ikairudisha kazi nyumbani. Benki yenye fedha kama hizo yaweza kurudi. Wakala wa Busia atarudi na nini?

Tazama pia Wasenegali. Idara yao ya forodha ilijitungia programu yake yenyewe, GAINDE, jina ambalo kwa Kiwolof ni simba. Mwaka 2005 Kenya ilianza kutumia mfumo wa forodha uliotokana na kazi hiyo, nao ukaitwa Simba. Jina hutafsirika kwa dakika moja. Ujuzi haufanyi hivyo, bali hupatikana kwa kukaa na kazi, kukosea na kurekebisha.

Wala sheria haimsaidii aliyefumba macho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka anayempa mwingine habari za wateja azishughulikie awe na mkataba wa maandishi naye, na wateja wakidhurika, yeye bado ana la kujibu.

Wakala yule angali amekodi, kwa kuwa hana njia nyingine. Lakini amemwajiri msichana aliyesomea kompyuta, na kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga ofisi, msichana huyo huchukua nakala ya hesabu zote na kuifungia katika kabati la chuma. Mkataba mpya ulipoletwa waliusoma pamoja, mara mbili. Palipoandikwa kwamba habari zote ni mali ya mtoa huduma, wakapiga mstari mwekundu, wakaurudisha.