Msilifunge Daftari Mapema

Tumepata barua ya msomaji wetu mmoja, katibu wa chama cha kuweka na kukopa huko kijijini. Kwa kifupi asema hivi: wanachama ni themanini na wawili, akiba yao yote imeandikwa katika madaftari manne, na mawili kati ya hayo yameanza kuliwa na mchwa. Sasa ametokea kijana kutoka mjini, mwenye adabu njema, ataka kuwatengenezea programu ya kompyuta itakayohesabu akiba, mikopo na faida kwa dakika moja. Bei yake ni sawa na faida ya chama ya mwaka mzima. Ataka alipwe yote kwanza, na madaftari yafungwe siku ile ile kompyuta itakapowashwa. Katibu anauliza: wakubali au wakatae?

Ndugu Katibu, swali lako si jipya. Serikali yetu ilikutana nalo zamani, ikakosea mara mbili: mara ya kwanza kwa kuamini mno, mara ya pili kwa kuogopa mno.

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha, iliyokuwa hapa Dar es Salaam siku hizo, ilipata kompyuta ya kwanza katika nchi. Jina lake ICT 1500, nayo ilitoka kwa kampuni ya Kiingereza. Usidhani ilikuwa kama hizi za leo ambazo mtoto wa shule huipakata mapajani. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba, tena zililishwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, kila tundu na maana yake. Karani akitoboa pasipo mahali pake, mashine haigutuki wala haiulizi. Hulihesabu kosa kwa mwendo ule ule wa kuhesabu kweli.

Hesabu za Serikali zikatiwa humo. Lakini wenyeji waliofundishwa kazi hiyo walikuwa wachache sana, na wataalamu wengi walikuwa wageni, watu wa kuja na kuondoka. Mgeni aweza kuijua mashine vizuri asijue jinsi wizara yetu inavyoandika matumizi yake. Na karani wetu aliyeyajua matumizi hayo kwa miaka ishirini hakuijua mashine. Kati ya wawili hao palikuwa na shimo, na hesabu zikatumbukia humo. Mpango ukashindwa, hasara ikawa kubwa, na Hazina ikarudi kuandika kwa mkono.

Hata mwaka 1974, wakati nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba tu, Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Marufuku ile ilikaa muda mrefu, hata miaka ya 1990 ndipo mlango ulipofunguliwa vizuri, na kwa maoni yangu hasara yake ilipita ile ya kwanza. Kijana aliyezaliwa mwaka ule wa 1974 alimaliza shule pasipo kuigusa kompyuta, huku wenzake wa nchi nyingine wanajifunza kuzitengeneza. Kwa hiyo, Katibu, usije ukasema, "Mzee wa gazeti ametukataza."

Ili nisikujibu kwa mambo ya kale peke yake, Jumatatu nilikwenda Kariakoo. (Jina hilo, kwa wasiojua, latokana na wale wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, walioitwa "Carrier Corps", kambi yao ilikuwa pale.) Nilitaka kuona wenye maduka wanavyoishi na mashine, maana hakuna watu katika nchi hii waliosumbuka nazo kama wao. Mashine za risiti za kodi zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani. Zilipotakiwa kwa wengine pia, mwaka 2013, maduka mengi ya Kariakoo yalifungwa kwa kupinga bei yake na masharti yake.

Nikaingia kwa mama mmoja auzaye khanga na vitenge karibu na Mtaa wa Kongo, mtu mzima, nami nikamwamkia Shikamoo. Mezani ana mashine ya risiti na simu mbili za kupokelea fedha. Lakini chini ya meza, juu ya kigoda, lipo daftari kubwa jeusi limefungwa kwa mpira.

"Mama, na hili la nini tena?"

"Hilo la mali kauli, mwanangu," akajibu. Ndiyo bidhaa anazowapa wachuuzi wapate kuuza kwanza, walipe baadaye. "Mashine inajua nilichouza. Haijui nani ana deni langu."

Nikamwuliza kama mashine zimewahi kumwangusha. Akacheka. Akanikumbusha Mei 2018, mtambo mkuu wa risiti uliposimama, mashine nchi nzima zikawa kama matofali, na wafanyabiashara wakaambiwa waandike risiti kwa mkono. Wengine walikuwa hawana hata kitabu cha risiti dukani! Akanikumbusha pia Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilipokatika, na intaneti ikazorota nchini kote. Yeye siku hizo zote aliuza, kwa daftari na kalamu.

Nikaanza kulisifu daftari, naye akanikatiza. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, alikuwako jirani yake mwenye kibanda aliyeweka daftari lake mle ndani. Likaungua na mali. Kesho yake wadeni wake wengi walikuwa wamesahau madeni yao, na wachache wenye haya ndio waliokumbuka. Tangu siku ile mama huyu, kila jioni, mjukuu wake hulipiga picha kwa simu kila ukurasa ulioandikwa, na picha zikapelekwa kwa binti yake aliyeko Morogoro.

Huyo mama hakusomea kompyuta mahali popote, Ndugu Katibu, lakini mambo matatu ameyajua ambayo natamani Hazina ya zamani ingeyajua: mashine itasimama siku moja, karatasi nayo itaungua au italiwa na mchwa, na kilicho mahali pamoja tu ni kama hakipo.

Sasa kijana wako. Mwiteni mkutanoni, tena kwa heshima. Mwambieni madaftari hayafungwi. Kwa miezi mitatu katibu ataandika kwa kalamu na kompyuta itaandika yake, na kila mwisho wa mwezi hesabu mbili zisomwe mbele ya kamati. Zikitofautiana hata shilingi mia, itafutwe mpaka ionekane, maana shilingi mia iliyopotea yaonyesha mahali litakapopotea laki. Ni kazi maradufu, najua, na karani atanung'unika. Mwacheni anung'unike.

Fedha msimpe zote. Mpeni sehemu aanzapo, sehemu nyingine mwezi wa tatu hesabu zikilingana, na iliyobaki mwakani baada ya kugawa faida ya kwanza. Akikataa kabisa, hapo nami ningeingiwa na shaka. Afundishe watu wenu wawili, si mmoja, na mmoja awe kijana asiyekaribia kuolewa mbali wala kwenda mjini kutafuta kazi. Neno la siri la kuifungulia kompyuta liandikwe, litiwe katika bahasha, litiwe lakiri, akae nalo mweka hazina. Nakala ya hesabu itiwe katika flashi kila juma na ihifadhiwe nyumba nyingine, isiyo ile yenye kompyuta.

Kisha mwulizeni swali moja ambalo mimi huliona kubwa kuliko yote: "Wewe ukiugua, au ukipata kazi Nairobi, nani atakuja kuitengeneza?" Msikilizeni vizuri anavyojibu.

Na yale madaftari mawili, yaondoeni sakafuni leo hii.