Bwana Afya Naye ni Mwanafunzi



Watu wengi hudhani kwamba Bwana Afya au muuguzi akisha kupata cheti, amemaliza kusoma. Sivyo. Sisi wa Shinyanga na Geita hatuna budi kulikataa wazo hilo, kwa sababu magonjwa ya nchi ya machimbo yanataka mtumishi anayeendelea kujifunza.

Kwanza, vumbi la mawe. Mchimbaji anayekohoa na kukonda huenda ana kifua kikuu, huenda mapafu yake yameharibiwa na vumbi, au ana yote mawili. Dawa za kifua kikuu haziponyi madhara ya vumbi.

Pili, zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru mishipa ya fahamu. Mtumishi asiyefundishwa huona mikono inatetemeka, akadhani ni pombe.

Tatu, homa ya Marburg. Mwaka 2023 ilizuka Bukoba, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Januari 2025 ilitangazwa Biharamulo, wilaya iliyo jirani na Chato, mkoani Geita. Anayejua kuvaa mavazi ya kinga, na kuyavua kwa utaratibu, huokoa roho yake na za wagonjwa wake.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Ni jambo la kushukuru. Lakini je, mafunzo ya mwanzo yakiisha, nani atawakumbusha?

Wengine watasema: zahanati ina watumishi wawili, mmoja akienda semina mjini, nani atazalisha akina mama? Neno hili ni la haki. Basi mwalimu ndiye amfuate mtumishi zahanatini, walau siku moja kila mwezi, amfundishe mbele ya wagonjwa wenyewe. Fundisho la namna hiyo lafaa kuliko semina ya hotelini ambayo watu huikumbuka kwa posho.

Wazazi mlio katika kamati za zahanati, mnapouliza habari za dawa, ulizeni pia: mtumishi wetu alifundishwa lini mara ya mwisho? Nasi wanafunzi tunaotamani kwenda Kolandoto au chuo kingine cha afya, tujiandae kusoma mpaka siku ya kustaafu. Elimu haina mwisho, na hapa kwetu kuiacha ni hatari.