Farasi Hashibi kwa Makopo

Twataka kusema neno juu ya farasi wa mashindano, na tutalisema wazi tangu mwanzo. Farasi wa mbio, farasi wa polo na farasi wa kuruka viunzi wanahitaji nyasi nzuri, maji safi, chumvi, kazi yenye kipimo na pumziko. Unga wa makopo, vichupa vya rangi na sindano za nguvu, mara nyingi si chakula cha farasi hata kidogo. Ni chakula cha hofu ya mwenye farasi.

Labda mmoja wenu atauliza: "Farasi watuhusu nini sisi?" Ni kweli, katika sehemu nyingi za Kongo farasi hawakai, maana mbung'o huwaua. Lakini mtu auzaye nguvu ndani ya kopo twamjua sana. Hupita hata katika masoko yetu. Tena mnyama afanyaye kazi kwa ajili ya sifa ya mtu, naye hawezi kusema anaumwa wapi, astahili kutetewa po pote alipo.

Tumtazame kwanza farasi mwenyewe, jinsi alivyo. Mwili wake ni mkubwa, lakini mfuko wa tumbo lake ni mdogo: hupokea lita 8 hadi 15 tu, hali tumbo kubwa la ng'ombe hupita lita 100. Farasi hawezi kutapika. Tumbo lake hutoa maji makali usiku na mchana, ale asile. Na mate yanayopunguza ukali huo hutoka tu wakati anapotafuna. Kwa sababu hiyo farasi aliye malishoni hula kidogo kidogo kwa muda wa saa 14 au 16 kila siku. Si ulafi. Ndivyo mwili wake unavyojilinda.

Sasa tazameni hesabu hii. Kilo moja ya nyasi kavu humchukua farasi karibu dakika 40 kuitafuna. Kilo moja ya shayiri humchukua dakika 10 hivi. Basi, anayemnyima nyasi na kumjazia nafaka amemnyima mate yake pia, akamwachia ukali tumboni. Waganga wa wanyama walipoingiza mpira wenye taa katika matumbo ya farasi wa mbio waliokuwa wakizoezwa, waliona vidonda kwa walio wengi. Katika chunguzi nyingine walizidi 8 kati ya kila 10. Na mwenye farasi hufanya nini akisikia habari hiyo? Hununua kopo jingine, la unga wa kutuliza tumbo! Huyu ni sawa na mtu atobolaye mtumbwi wake, kisha akanunua bakuli la kuchotea maji.

Nafaka ikizidi, shida haiishii katika mfuko wa tumbo. Wanga usiomeng'enywa hushuka mpaka utumbo mkubwa. Humo mna vijidudu vyema, vinavyogeuza nyasi kuwa nguvu. Wanga mwingi huvivuruga. Utumbo huchachuka, farasi hushikwa na msokoto wa tumbo, au kwato zake huwaka kwa ndani mpaka asiweze kusimama. Farasi wengi wamekufa hivyo, na mabwana wao walidhani wanawapenda.

Wazee wa Ulaya walilijua jambo hili tangu zamani, wakati farasi walipokokota magari ya mizigo mijini. Waliona ugonjwa mmoja wakauita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Dominika farasi alipumzika, lakini alipewa nafaka ileile ya siku za kazi. Jumatatu alipofungwa tena garini, baada ya hatua chache misuli ya mapaja ilikauka kama ubao, jasho likamtoka, mkojo ukawa mweusi. Hawakuhitaji kopo kumponya. Walijifunza kupunguza nafaka siku ya mapumziko na kumtembeza kidogo. Dawa ilikuwa kipimo.

Lakini wapo wanaotupinga. Wasikieni.

Wa kwanza husema: "Farasi wa mashindano si punda wa kijijini. Nyasi tupu haziwezi kumpa mbio." Twamjibu: hatukatazi nafaka. Farasi afanyaye kazi nzito aweza kuongezewa, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, baada ya kushiba nyasi. Lakini asiseme kwamba nyasi haziwezi kitu. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sweden, wataalamu walilea na kuwazoeza farasi wa mbio za vigari kwa nyasi bora zilizokatwa mapema, pamoja na madini, bila nafaka. Farasi hao walikua vizuri, wakazoezwa, wakaingia mashindanoni. Basi kabla ya kununua unga, mtu aulize kwanza: nyasi zangu zilikatwa lini? Zina ukungu? Zina vumbi? Nimezipeleka kupimwa? Farasi mwenye kilo 500 apaswa kupata angalau kilo 7 na nusu za malisho makavu kila siku. Anayempa kilo 4 za nyasi mbovu na vijiko vitano vya unga wa kigeni, amekosa chakula akanunua pambo.

Wa pili husema: "Hata kama haisaidii, haidhuru." Neno hili ndilo la hatari kuliko yote. Mwaka 2009, tarehe 19 Aprili, huko Wellington katika jimbo la Florida, Marekani, farasi wa kundi la polo la Lechuza Caracas walikuwa tayari kwa mchezo wa kombe kubwa la nchi ile. Walikuwa wamepigwa sindano ya vitamini na madini ili wapone uchovu. Wakaanza kuyumba, wakaanguka. Farasi 21 walikufa. Wenzao ambao hawakupigwa sindano hiyo hawakuugua. Wachunguzi walipopima walikuta seleni nyingi mno. Seleni ni madini ambayo farasi ayahitaji kweli, lakini ni miligramu 1 hadi 3 tu kwa siku. Duka la dawa lililotengeneza mchanganyiko ule lilikiri kwamba kipimo cha kitu kimoja kilikosewa. Hawakukusudia kuua. Walitaka kuongeza nguvu tu. Je, bado mtasema haidhuru?

Na si jambo la jana. Kitambo kabla ya hapo, Phar Lap, farasi mashuhuri aliyeshinda Kombe la Melbourne mwaka 1930, alikufa ghafula huko California mwezi wa Aprili 1932. Nywele zake zilipopimwa kwa vyombo vya sasa, zilionyesha kwamba alipata sumu ya arseniki nyingi siku moja au mbili kabla ya kufa. Ilimfikiaje? Watu wangali wakibishana. Lakini hakuna anayebisha neno hili: siku zile arseniki ilitiwa katika dawa za kuongeza nguvu walizopewa farasi wa mbio, na daftari ya mwalimu wake, yenye maelezo ya dawa za namna hiyo, imehifadhiwa katika makumbusho ya Melbourne. Sumu iliitwa nguvu, na watu waliikoroga kwa kijiko.

Hata chakula cha gunia chaweza kumponza asiye na kosa. Mwezi wa Oktoba 2020, siku ya kuamkia mbio kubwa za Arc de Triomphe huko Paris, mwalimu Aidan O'Brien wa Ireland aliwaondoa farasi wake wanne. Ilionekana kwamba chakula walichokula kilichanganyika na dawa ya kunenepesha ng'ombe, iliyokatazwa Ulaya. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Lakini mbio zilipita bila wao. Kadiri vitu vinavyozidi katika ndoo ya farasi, ndivyo milango ya hatari inavyozidi.

Wa tatu husema kwa sauti ya chini: "Wenzangu wote wanatumia. Nisipotumia nitabaki nyuma." Huyu amesema kweli juu ya moyo wake. Haogopi njaa ya farasi, aogopa jirani. Wauzaji wanaijua hofu hiyo, ndiyo maana hupaka makopo yao rangi na kuyapa majina ya radi na simba. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika nchi nyingi, mwenye kuuza unga wa namna hii hadaiwi kuthibitisha kwamba unafaa, kama anavyodaiwa mwenye kuuza dawa. Kwa hiyo maneno ya kopo si ushuhuda. Ni mdomo wa muuzaji.

Hatusemi kwamba kila kiongezo ni bure. Farasi atokaye jasho sana aweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa saa moja ya kazi nzito penye joto, na jasho lake lina chumvi kuliko letu. Huyo apewe chumvi, tena asikose maji. Farasi afungiwaye bandani bila kuonja majani mabichi aweza kupungukiwa na vitamini E. Penye udongo usio na seleni, iongezwe. Lakini hayo yote hujulikana kwa kupima nyasi na damu, na kwa shauri la mganga wa wanyama. Hayajulikani kwa kutazama kopo la jirani.

Basi twawaomba wenye farasi, na vijana wetu waliokwenda nchi za mbali ambao huenda wameajiriwa katika mabanda yao, wafanye mambo manne. Nyasi kwanza, nafaka baadaye. Cho chote kitiwacho ndoo kiwe na sababu inayoweza kutajwa. Madini yaleyale yasitoke katika makopo matatu kwa siku moja bila mtu kujumlisha. Na kijana wa bandani akiona farasi anaacha kula au anageuka kutazama ubavu wake, asikilizwe, hata kama mshahara wake ni mdogo kuliko bei ya kopo.

Farasi hutia mdomo katika ndoo kwa kutuamini. Hajui kusoma maandishi ya kopo. Tunaojua kusoma, tusome kwa ajili yake. Na tusipoelewa yaliyoandikwa, tumpe nyasi.