Msituambie Tubaki na Sauti Ileile

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana kilinyimwa nafasi kwenye sherehe ya tarehe 20 Juni. Kosa letu: tulileta gitaa la umeme lenye sauti nzito badala ya ngoma peke yake. Mratibu akatuambia kwa upole kabisa, "Wageni wanataka kuona utamaduni wenu." Mzee mmoja wa zoni akaongeza kwamba tumepotea. Nawajibu wote wawili kwa mfano wa watu wasiotujua kabisa: bendi ya Paradise Lost, kutoka mji wa Halifax, Uingereza.

Nyimbo zao nilizipata kwenye memori kadi ya rafiki yangu kabla hajasafiri. Muziki wenyewe ni doom metal, metali ya polepole na ya huzuni. Vijana hapa wanauita "dumu", na kweli ni mzito kama dumu la lita 20 ukilitoa bombani.

Walianza 1988. Albamu ya kwanza, ya 1990, Nick Holmes ananguruma tu, neno huelewi. Mwaka uliofuata wakatoa Gothic, wakachanganya ule mngurumo na sauti ya mwanamke na okestra. Leo bendi kibao zinafanya hivyo. Wakati ule kilikuwa kitu kigeni. Kufika Draconian Times ya 1995, Holmes anaimba kabisa, na jina lao limekuwa kubwa Ulaya. Mwoga angekaa hapo hapo. Wao mwaka 1999 wakatoa Host: magitaa yako nyuma, kinanda na kompyuta ndivyo vinaongoza. Mashabiki wakawaka. Wasaliti hao, wanatafuta hela!

Kuhusu hela sibishi sana, kweli walikuwa wamehamia kampuni kubwa. Hata mimi kuna nyimbo za Host naziruka. Lakini sikiliza gitaa la Gregor Mackintosh kwenye Gothic, halafu sikiliza vinanda vya Host. Huzuni ni ileile, inalia vilevile. Na watu je? Holmes, Mackintosh, Aaron Aedy na Steve Edmondson, wanne wale wale wa 1988, bado wako pamoja. Ni kwenye dramu tu ndiko watu wanabadilikabadilika.

Mwaka 2015, kwenye The Plague Within, mngurumo ukarudi. Waliokasirika wakasema, mmeona, wametubu. Si kweli. Mwaka 2023 Holmes na Mackintosh walitoa albamu ya mradi wao wa pembeni, wa vinanda na kompyuta, na mradi huo wakauita nini? Host. Nani anatubu dhambi halafu anampa mtoto jina lake?

Sasa, dada mratibu, utamaduni upi? Mimi nilifika hapa nikiwa na miaka mitatu. Hiyo ngoma unayoitaka nilifundishwa humu humu kambini, chini ya turubai, kwa ajili ya wageni. Huzuni ya kwenye gitaa hakunifundisha mtu. Na wewe mzee wangu, shikamoo, unayeisifu rumba kila jioni: yale magitaa ya umeme ya rumba aliyapiga babu yako?

Mwaka huu tumeomba tena. Dakika kumi tu, baada ya hotuba. Spika tumeiunga kwa betri ya sola, hatutagusa jenereta ya mtu. Ngoma tutapiga pia, tunazipenda. Ila gitaa halitoki jukwaani.