Masasisho Yapewe Folda Yake

Fundi yeyote wa seva za Linux anaijua /tmp. Ni folda ambayo kila programu na kila mtumiaji anaruhusiwa kuandika, kwa hiyo mdukuzi akipata upenyo kwenye tovuti yako, mara nyingi faili zake za kwanza anazitua hapo. Ndiyo maana miongozo ya usalama ya CIS inataka folda hiyo iwekewe noexec: faili ziandikwe na zisomwe, lakini zisiendeshwe. Ushauri huo ni mzuri, hatuna ugomvi nao.

Ugomvi wetu ni kinachofuata. Siku ya kusasisha ikifika, apt ya Debian au Ubuntu inatoa skripti za maandalizi ndani ya vifurushi, inaziweka palepale /tmp, inajaribu kuziendesha, na mfumo unakataa. Skrini inajaa ujumbe kwamba ruhusa imekataliwa. Fundi ameingia kama root, mwenye seva yake, na bado anaambiwa hana ruhusa! Mara nyingine kazi inaendelea baada ya kelele hizo. Mara nyingine, hasa kwa programu za Java zinazofungulia maktaba zao /tmp, inakwama kabisa.

Hapo ndipo visingizio vinapoanza. Mmoja anafuta noexec kwenye /etc/fstab "kwa muda tu", na muda huo hauishi. Mwingine anaiacha noexec na kuahirisha masasisho: tutaangalia wiki ijayo, bosi hataki seva iguswe mwisho wa mwezi. Huyo wa pili ndiye anayetutia hofu zaidi. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikuponzwa na /tmp, iliponzwa na kuchelewa. Kiraka cha Apache Struts kilitolewa Machi 2017, wadukuzi wakaingia Mei kupitia tundu lilelile, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikatoka.

Na dawa ipo, tena ni mstari mmoja. Ndani ya /etc/apt/apt.conf.d unaandika APT::ExtractTemplates::TempDir na kuielekeza kwenye folda ya root peke yake, ambayo mtu mwingine hawezi kuandika. Visakinishi vingi vingine vinatii TMPDIR, na Java ina java.io.tmpdir yake. Usikimbilie /var/tmp: nayo ni ya kila mtu, na miongozo ileile inataka ifungwe vilevile. Wapo wanaoiamuru apt iifungue /tmp kabla ya kazi na kuifunga baadaye. Inafanya kazi, lakini muda wote wa kusasisha umewafungulia wote. Kwa nini umwachie kila mpita njia geti wazi kwa sababu fundi bomba anakuja, wakati ungeweza kumpa ufunguo wake?

Wanaoitetea noexec kana kwamba ni ngome nao wapunguze sauti. Andika sh /tmp/faili na skripti itakimbia bila shida, kwa sababu kinachoendeshwa ni sh, si faili. Ni kizuizi cha ziada, basi. Kizuizi cha ziada hakistahili kukugharimu kiraka kinachoziba tundu halisi.

Watengenezaji wa programu nao wana lao. Kuandika kisakinishi mwaka huu kinachodhani /tmp iko wazi kila mahali, kisha kikafa bila kusema kimekwama wapi, ni uvivu.

Basi anayeweka noexec asasishe seva hiyo siku hiyohiyo, kabla hajafunga tiketi. Ikikwama, abadilishe folda papo hapo na aandike alichobadilisha mahali ambapo fundi wa zamu ya usiku atapaona.